Sifa za Bili ya Gesi

Washairi wa pwani wamemsifu mnazi kuanzia mzizi hadi kuti, wamesifu jahazi, wamesifu pilau na macho ya wanawake. Bili ya gesi hawakuigusa. Siwalaumu: Mombasa na Unguja gesi huja ndani ya mtungi, unalipa dukani, unaubeba, habari imekwisha. Lakini leo tuna ndugu wengi Leicester, Reading na London, wanaoishi kwa hisani ya karatasi hii, na hakuna hata mmoja aliyeitungia ubeti. Nasimama kulilipa deni hilo kwa nathari, maana kina cha gesi hukimbilia haraka mno kwenye kesi.

Anayesifiwa hutajiwa kwanza nasaba. Mwaka 1807 Mjerumani mmoja, Frederick Winsor, aliwasha taa za gesi kwenye mtaa wa Pall Mall, London, watu wakatoka kushangaa. Mwaka 1812 kampuni ya Gas Light and Coke ikapata hati ya mfalme. Wakati huo Seyyid Said wa Omani alikuwa bado hajahamishia makao yake Unguja. Kwa hiyo anayeidharau bili ajue anamdharau mzee, tena mzee mwenye babu mhamiaji. Sidhani kama kuna aliyemdai Winsor uthibitisho wa makazi.

Lakini ukubwa wa bili hautokani na gesi. Unatokana na jambo ambalo Waingereza hujivunia sana, nalo ni kwamba hawana kitambulisho cha taifa. Walikuwa nacho wakati wa vita, kuanzia 1939. Vita vikaisha, kitambulisho kikabaki, hadi Desemba 1950 polisi alipomsimamisha dereva mmoja huko Finchley na kutaka kukiona. Dereva, Clarence Willcock, msimamizi wa biashara ya udobi, alikataa katakata. Mahakamani mwaka uliofuata alishindwa, lakini jaji mkuu mwenyewe aliinung'unikia sheria hiyo, na Februari 1952 vitambulisho vikafutwa. Sheria ya 2006 ikajaribu kuvirudisha. Mwaka 2010 nayo ikafutwa. Mwingereza huru hatembei na karatasi ya serikali mfukoni. (Kenya, serikali ya mkoloni huyohuyo ilimtaka mwanamume Mwafrika atembee na kipande, tangu 1920 hivi, na wengi wakakining'iniza shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Harry Thuku, aliyekipinga Nairobi, alikamatwa Machi 1922 akapelekwa Kismayu. Kila nchi na Willcock wake.)

Sasa nchi isiyo na kitambulisho itamjuaje mtu? Hapo ndipo bili ilipokalia kiti. Kanuni za mwaka 2017 za kuzuia utakatishaji wa fedha zinazitaka benki zimthibitishe mteja kwa nyaraka kutoka chanzo cha kuaminika. Gesi haikutajwa humo. Ni desturi ya benki zenyewe iliyoamua kwamba pasipoti yenye picha, saini na nembo ya taifa inatosha kueleza wewe ni nani, lakini mtu anayejua kwa hakika unalala wapi ni yule anayekudai.

Ukilitafakari hilo, utaona sisi tulivyokuwa nyuma. Dar es Salaam, ukitaka kufungua akaunti, ulikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Unamkuta nje ya ofisi, kiti cha plastiki, mhuri mkononi. Anamjua mama yako, anajua ni nyumba ya tatu baada ya msikiti, anauliza habari za mgonjwa, anaandika barua, anagonga mhuri. Ushahidi gani huo? Mwenyekiti anaweza kukuonea huruma. Anaweza hata kukupenda. Bili haimpendi mtu, ndiyo maana ushahidi wake hautiliwi shaka.

Wenye husuda husema bili haipatikani. Benki haifungui akaunti mpaka uilete. Kampuni ya gesi nayo inataka akaunti ya benki ili ikate malipo yake kila mwezi. Mwajiri anataka akaunti ya kuingizia mshahara, na wakala wa nyumba anataka hati ya mshahara kabla ya kukukabidhi ufunguo wa nyumba ambayo ndiyo ingekuletea bili. Wanauita mduara. Mimi nauita utalii wa bure: kijana aliyetua juzi kutoka Temeke hujua kwa wiki chache tu tawi la benki liko wapi, wakala yuko wapi, maktaba yenye mashine ya kuchapishia inafungwa saa ngapi, na benchi gani halipigwi na upepo. Mwenyeji aliyezaliwa hapo hajui hata nusu yake.

Tena bili inafunza usafi. Ina umri wa samaki: ikipita miezi mitatu haifai kuletwa mbele za watu. Nimemsikia karani wa benki moja akimwambia mama mmoja wa kwetu, kwa upole usio na kifani, "Hii ni ya Januari." Mama akajibu kwamba bado anakaa palepale. Karani akasema hilo halina shaka, ila wanahitaji anayekaa palepale hivi karibuni. Na bili inayotakiwa mara nyingi ni ile iliyokuja kwa posta, si iliyochapishwa kutoka kwenye kompyuta, na wakati huohuo kampuni ya gesi inakuandikia kila wiki ikikusihi ukubali bili ya barua pepe ili kuokoa miti. Mgeni anajifunza mapema kwamba mti mmoja hauna budi kufa kwa ajili yake.

Nani mwingine, ugenini, anayekuwaza usipokuwepo? Mita isiposomwa, kampuni hukadiria. Wewe uko Tanga kwenye harusi ya binamu, unacheza ngoma jasho likikutiririka, na ofisini kwao kuna hesabu inayosema kwamba asubuhi hii umeoga maji ya moto, mchana umepika, jioni umewasha kipasha joto sebuleni. Mama mzazi hafiki hapo. Yeye akikukosa simuni hununa. Kampuni hukutengenezea maisha kamili, yenye joto, na kukuletea hesabu yake. Wakati mwingine hukuwaza kidogo kuliko ulivyoishi, kisha inakumbuka yote kwa mpigo. Tangu 2018 wasimamizi wa nishati wameizuia isikudai matumizi ya zaidi ya miezi 12 nyuma kama kosa si lako, na mimi naona wameingilia mapenzi ya watu.

Lipo pia tozo la kila siku, linalokatwa hata usipochemsha kikombe kimoja cha chai. Hilo ni ada ya kuwepo, au tuseme ya kuwa na anwani, kwa sababu linakatwa hata ukiwa hupo. Watani wa Dar wasinicheke. Mita zao za umeme, LUKU, tangu mwaka 2021 zinakatwa kodi ya jengo, na mpangaji asiye na jengo anailipa kwa ukimya uleule.

LUKU nayo ina binamu huko Uingereza, mita ya kulipia kabla, yenye ufunguo au kadi unayokwenda kuijazia dukani kwa Mhindi. Wenye nyumba wengi huwawekea wapangaji maskini mita hizo. Sasa tazameni haki ya bili ilivyo kali: anayelipa kabla ya kutumia hadaiwi, na asiyedaiwa haletewi bili ya mwezi, na asiye na bili hathibitiki. Anatembea na ufunguo wake wa umeme uliojaa pauni 20 taslimu, na mbele ya benki hana anwani. Jirani yake mwenye deni la miezi minne ana karatasi safi yenye jina lake juu na rangi nyekundu chini, anapokelewa kwa bashasha. Sijaona falsafa nyingine iliyolisema jambo hili waziwazi namna hiyo.

Watetezi wa simu watanikatiza hapa na M-Pesa yao. Ilizinduliwa Kenya Machi 2007, na mtu wa Likoni mwenye kitambulisho na laini ya simu aliweza kuweka na kutuma pesa bila kuulizwa habari za jiko lake. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba sehemu ya fedha za kuianzisha zilitoka kwa wizara ya Uingereza ya misaada ya maendeleo. Waingereza wametupa wepesi, wakabakiza ugumu kwao, nao ugumu ndio wa thamani. Hakuna anayegawa vitu vyake vizuri.

Kwenye majina ndipo bili inapokuwa mwalimu hasa. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, yakifuatana kama yalivyozaliana. Fomu ina visanduku viwili. Kwa hiyo babu aliyefariki Pangani anakuwa "Bwana" anayedaiwa gesi Leicester, na mjukuu anageuka herufi moja mbele ya jina la mzee. Abdallah hupoteza L yake moja, Mwanaisha hukatwa katikati akawa watu wawili, na benki, ikilinganisha bili na pasipoti, hutaka kujua huyo wa tatu ni nani. Mke wa kwetu, ambaye hubaki na jina la baba yake, anaonekana kama mgeni asiyehusiana na mwenye nyumba. Nyumba nyingi zimepata amani mpya kwa sababu hii: mume aliyezoea kusema "hapa kwangu" huambiwa mbele ya wageni kwamba bili ya umeme ina jina la mkewe, na kwamba kwa mujibu wa ushahidi uliopo yeye ndiye anayekaa kwa watu.

Tena bili haifi. Kampuni hufa. Kuanzia Agosti 2021 bei ya gesi ilipopaa, zaidi ya kampuni 20 za kuuza nishati Uingereza zilianguka mfululizo, na wateja wakahamishiwa kampuni nyingine bila kuulizwa. Asubuhi unaamka una baba mwingine. Nembo mpya, rangi mpya, nambari mpya ya mteja, na salamu za kukukaribisha kana kwamba ulibisha hodi.

Ndugu yake, bili ya kodi ya baraza la mji, anastahili sifa zake mwenyewe, nami nitampa aya moja tu. Katika England kodi hii hupimwa kwa thamani ambayo nyumba ingekuwa nayo tarehe 1 Aprili 1991. Ghorofa lililojengwa juzi, vioo vitupu, nalo hukadiriwa lingeuzwa kiasi gani siku hiyo ambayo halikuwepo, wakati Kenya na Tanzania bado zilikuwa na chama kimoja kimoja. Mgeni aliyezaliwa 1998 anapokea karatasi inayomthibitisha kuwa anakaa leo ndani ya thamani ya kabla hajazaliwa. Benki huipokea vizuri sana.

Kuna na mlango wa nyuma, daftari la wapiga kura, ambalo kampuni za kupima uaminifu wa wakopaji hulitazama. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi anaruhusiwa kujiandikisha. Basi Mtanzania, Mkenya na Mganda wamo, na Mnyarwanda pia, tangu nchi yake ilipojiunga mwaka 2009. Mrundi na Mkongo hawamo. Hao hawana njia ila kumchagua mbunge wao kwa gesi.

Naijua nyumba moja Leicester waliyopanga vijana wanne, wa Temeke, wa Likoni, wa Bukavu na wa Bujumbura. Sufuria wanachangia, unga wanachangia, ila bili waligawana kama urithi. Temeke alitangulia, akachukua gesi. Likoni akachukua umeme. Mkongo alisoma kwanza, akachagua maji, baada ya kugundua kwamba tangu sheria ya 1999 kampuni hairuhusiwi kumkatia mtu maji nyumbani kwake kwa sababu ya deni. Mrundi alifika mwisho, akaandikiwa intaneti. Aliipeleka benki, tawi likamwambia kwamba intaneti haithibitishi kuwa mtu anakaa mahali.

Akarudi akamwangukia Temeke. "Kaka, nipe gesi, mwezi mmoja tu."

"Mke wangu anakuja Agosti. Nimwambie nini, kwamba hapa sipo?"

"Basi maji."

"Maji ya Mkongo, na bili yake hutoka mara moja kwa mwaka. Ameifungia sandukuni na vyeti vyake."

Wakapatana kiungwana. Kila mwisho wa mwezi mshahara wa Mrundi huingia kwenye akaunti ya Temeke, pale palipowekwa kanuni ili ijulikane pesa za nani ni za nani, na Temeke humtolea taslimu jikoni, akikata pauni tano za usumbufu.