Farasi 280 Chini ya Mwembe

Hongera, kaka. Mark II yako, GX100, ilitoka Japani na 1G-FE ya lita 2, injini mpole ambayo kila fundi wa Gerezani anaijua. Ukaona aibu. Sasa imeshushwa kwa cheni bloku chini ya mwembe wa nyumbani, na mahali pake imeingia 1JZ-GTE ya lita 2.5 yenye turbo, nguvu za farasi 280.

Kuikalisha hakukuwa kazi kubwa. Ndugu yake, JZX100, alipewa injini hiyo kiwandani. Ila kiwandani walimpa na breki kubwa zaidi, jambo ambalo wewe na fundi wako mmeliona ni mbwembwe za Wajapani.

Kazi iko kwenye waya. Zimemwagika juu ya kiti cha abiria kama utumbo wa mbuzi wa Idi, kontroli boksi imefungwa kwa kamba ya manila, na fundi anasema "kesho, bosi" huku akiomba ya vocha. Rejeta ni ile ile. Breki ni zile zile. Fedha, tunaambiwa, ziliishia kwenye turbo. (Turbo majirani wanaisikia, breki nani atazisifia?)

Kadi ya gari nayo bado ina namba ya injini ya zamani, ambayo sasa kuku wanatagia kando yake. Peleka mabadiliko hayo TRA, kaka. Kisha pitia Gerezani ununue breki. Na huko kote, tafadhali, nenda kwa daladala.