Kabla Hujaenda Kugombana na Kampuni ya Intaneti

Umelipia kifurushi cha Mbps 20. Unapakua faili, kompyuta inakuonyesha MB 2.3 kwa sekunde, na tayari hotuba ya kumshushia yule dada wa kaunta iko mdomoni. Kugomba ni haki yako, hakuna wa kukunyima. Ila keti kwanza, uchukue kalamu na karatasi, maana asiyekuja na hesabu hunyamazishwa kabla hajamaliza salamu.

Anza na herufi. Kwenye Mbps kuna b ndogo, nayo ni biti. Kwenye MB kuna B kubwa, nayo ni baiti. Baiti moja ina biti nane. Basi gawa 20 kwa 8, upate 2.5. Hasira zako nyingi zimeishia hapo, na bado hatujavuka hatua ya kwanza.

Usidhani watu wa simu walianza kuhesabu kwa biti ili wakupunje. Waliikuta biti kazini mwao. Mwaka 1937 Mwingereza Alec Reeves, akifanya kazi Paris, alibuni namna ya kuigeuza sauti ya binadamu kuwa tarakimu. Mfumo wa simu uliokuja kujengwa juu ya wazo lake huipima sauti mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Zidisha: biti 64,000 kwa sekunde, kwa mtu mmoja anayeongea. Namba hiyo ndiyo tofali la mitandao mingi ya simu ya kidijitali iliyofuata. Marekani, kuanzia mwaka 1962, walipanga njia 24 za namna hiyo pamoja, wakaongeza biti moja ya kulinganisha mitambo katika kila fremu, yaani kila mzunguko mmoja wa njia zote 24, wakapata T1 yenye biti 1,544,000 kwa sekunde. Ulaya wakapanga nafasi 32, ambazo 30 ni za maongezi na mbili za kuongoza mtambo, wakapata E1 ya biti 2,048,000. Afrika Mashariki tulifuata E1, na fundi yeyote aliyewahi kuunganisha ofisi za benki au minara ya simu enzi hizo ataitaja E1 bila kufikiri.

Ukitaka kuielewa hesabu hii hadi ikae kichwani, fanyia zoezi E1 yenyewe. Gawa 2,048,000 kwa 8, unapata baiti 256,000 kwa sekunde. Hizo ni kilobaiti ngapi? Anayehesabu kwa maelfu atasema 256. Anayehesabu kwa 1,024 atasema 250 kamili, hakuna hata baiti moja inayobaki. Wote wawili wako sahihi, na hapa ndipo wateja wengi hupotea, kwa sababu kitu kimoja kina majibu mawili na skrini haikuambii imetumia lipi.

Watu wa mitandao huhesabu kwa maelfu: kwao mega ni 1,000,000, basi. Watu wa kompyuta walizoea 1,024 kwa kuwa kumbukumbu ya mashine hukua kwa kuzidishwa mbili mbili. Mwaka 1998 shirika la viwango vya umeme, IEC, lilileta majina mapya, kibibaiti na mebibaiti, ili hesabu ya 1,024 iwe na jina lake. Ni dawa nzuri, na inasikitisha kwamba wachache waliimeza. Windows hadi leo huandika MB huku ikihesabu 1,048,576. Mac iliacha mtindo huo mwaka 2009, sasa inahesabu kwa maelfu. Kwa hiyo, kabla hujaandika namba yoyote kwenye karatasi yako, jua umekaa mbele ya mashine gani. Ile 2.5 yako, kwenye Windows, inageuka 2.38.

Bado hujamaliza. Data haisafiri uchi. Kila kipande huwekwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya bahasha, na stempu juu yake. Kwenye waya wa Ethernet, pakiti kubwa ya kawaida huchukua nafasi ya baiti 1,538 ukihesabu kila kitu, na kati ya hizo zilizo zako, yaani za faili lenyewe, ni 1,460. Hiyo ni asilimia 95 hivi. Punguza tena: 2.38 inashuka hadi 2.26. Tazama sasa ulichokiona kwenye skrini. Huna kesi.

Mafundi wenye haraka hugawa kwa 10 badala ya 8, na mimi nawaunga mkono. Mbps 20, sema 2; Mbps 100, sema 10. Ukipata zaidi, furahi. Zamani, kwenye modemu zilizotuma kila baiti na biti moja ya kuanzia na moja ya kumalizia, kugawa kwa 10 hakukuwa hata kukadiria, kulikuwa jibu lenyewe.

Na kama kesi ipo kweli? Chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta, kwa sababu Wi-Fi inayopita kuta tatu si kosa la mtu wa kaunta. Zima simu za watoto zinazovuta video. Pakua faili kubwa saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni, uandike namba na saa yake, na urudie siku nyingine. Tuseme Windows inaganda kwenye MB 0.9. Irudishe sasa kwenye lugha ya kampuni: 0.9 mara 1,048,576, mara 8, ni biti milioni saba na nusu hivi kwa sekunde. Ongeza ile asilimia ya bahasha, upate Mbps 8 kwa ukarimu. Hiyo ndiyo namba ya kuibeba. Usimwambie dada wa watu kwamba intaneti yao ni mbovu. Mwambie unalipia 20 na jioni unapata 8, na karatasi hii hapa. Akijibu kwamba tangazo lilisema "hadi Mbps 20", muulize kwa upole hiyo "hadi" inaanzia ngapi, na umwombe akuandikie.