Jinsi ya Kuacha Miraa kwa Kwaresima Bila Kuwanunia Watu wa Nyumbani

Kwaresima ikiingia Muthara, huku kwetu Tigania, habari za nani ameacha nini hukimbia kuliko bodaboda. Majivu ya Jumatano hayajafutika kwenye paji la uso na soko zima limeshajua: fulani ameacha pombe, fulani ameacha nyama, na fulani, Mungu amsaidie, ameacha miraa. Mwongozo huu ni wa huyo wa mwisho, pamoja na jamaa wanaolala nyumba moja naye.

Kwanza, uache kitu unachokipenda. Mtu ambaye hajaonja samaki tangu azaliwe, na hapa Tigania hao si wachache, asisimame kwenye jumuiya kutangaza kwamba ameacha samaki. Samaki hawajambo. Ziwani hawajasikia habari zake. Acha kitu ambacho mkono wako unakitafuta wenyewe saa kumi za jioni.

Pili, hakikisha ni wewe uliyeamua. Hapa ndipo wengi wanapoharibu mfungo kabla haujaanza. Sheria ya Kanisa Katoliki ni fupi sana: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mwenye umri wa miaka 18 hadi 59 hula mlo kamili mmoja, na mingine miwili midogo ambayo hata ikiunganishwa haifikii mlo kamili. Jumatano hiyo ya Majivu na kila Ijumaa, kuanzia miaka 14, hakuna nyama. Basi. Miraa haimo, na hakuna katekista atakayekufungulia ukurasa wenye miraa. Ukiiacha, umeongeza mwenyewe, na hilo ndilo linaloupa mfungo wako thamani. Lakini ukiwa umeiacha kwa kuogopa mwenyekiti wa jumuiya, au kwa sababu mama watoto alikutaja mbele ya padre, hujafunga. Umenyang'anywa. Aliyenyang'anywa hukaa akihesabu siku za kurudishiwa mali yake, na moyo wa namna hiyo amani huipata wapi? Nenda kando, peke yako, umwambie Mungu unaacha nini na kwa nini. Kama huna sababu, kula miraa yako kwa sasa na uombe upewe sababu.

Usiahirishe, hata hivyo. Mwafrika mwenzetu Mtakatifu Agustino, aliyezaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, katika Algeria ya leo, alikuwa bingwa wa kesho. Ameeleza mwenyewe katika kitabu chake, Maungamo, jinsi alivyomwomba Mungu usafi wa mwili huku akitumaini ombi lichelewe kidogo kujibiwa. Alijiona ana nia mbili zinazovutana ndani ya kifua kimoja, na zote mbili ni zake. Alipokata shauri, alijiandikisha kwa ubatizo, akapita Kwaresima ya mwaka 387 akijiandaa, na Askofu Ambrosi akambatiza Milano usiku wa Pasaka. Mwaka uliofuata akaanza kuandika kitabu kizima juu ya hiari ya mwanadamu. Kama nia mbili zinakutoa jasho, uko katika ukoo mzuri.

Tatu, jiandae na saa kumi. Mazungumzo ya kiroho juu ya majaribu hayasaidii mtu asiyejua jaribu lake linakuja saa ngapi na limevaa nini. Lako linakuja jua likilegea, limefungwa kwa jani la mgomba, shina lina wekundu, na yule jamaa wa stejini ameshabandua ganda la kwanza kwa meno, Big G shavuni, soda mkononi. Atakusogezea nafasi kwenye benchi. Usisimame kuhubiri. Msalimie, mwambie unaelekea nyumbani, kisha uelekee nyumbani kweli. Kuamua kwenda njia nyingine ukiwa bado mbali ni rahisi. Ukishakaa, hiari yako imepungua nusu na vidole vimeanza kuchambua.

Siku za mwanzo mwili utadai. Utalala kama uliyelogwa, utachoka bila kazi, na hasira zitakuwa karibu. Waambie watu wa nyumbani mapema, kwa upole, ili wasidhani wamekukosea. Nimeyasikia mazungumzo haya katika boma moja:

"Baba, chai iko tayari."

"Si nimesema nimefunga!"

"Chai hukuifunga, baba watoto. Umefunga miraa."

Mama yule alikuwa sahihi, na alistahili kuombwa radhi kabla ya kikombe kupoa. Injili ya Jumatano ya Majivu, Mathayo sura ya 6, inamtaka anayefunga aoshe uso ili watu wasijue. Padre alikupaka majivu wewe. Watoto hawana sababu ya kuyabeba kwa niaba yako. Mfungo unaofanya nyumba nzima inyamaze ukiingia, heri uuvunje leo na uanze upya kesho kwa adabu.

Na ukianguka? Ungama, uamue tena asubuhi. Wengi hudhani amani ya moyo ni hali ya kutotamani tena, kwa hiyo tamaa ikirudi wiki ya tatu wanakata tamaa kabisa. Yesu pale Getsemane hakuwa mtulivu. Aliomba kikombe kimwepuke, jasho likamtoka, wenzake wakasinzia. Alichokuwa nacho ni uamuzi, akaurudia kwa Baba yake zaidi ya mara moja. Amani inakuja nyuma ya uamuzi, na mara nyingi inachelewa. Iache ichelewe.

Sasa nigeuke kwa mwenye shamba, maana mwongozo unaomsema mlaji na kumsahau mkulima haujafika Muthara. Sitaulaani mti. Umesomesha watoto wetu, umejenga makanisa yetu, na Uingereza ilipoupiga marufuku mwaka 2014 tuliona karo zilivyoyumba. Kwaresima huanza wakati wa kiangazi: majani ni machache, bei iko juu. Jani likishachumwa lina siku kama mbili kabla nguvu yake haijaisha, kwa hiyo mnunuzi hangoji Njia ya Msalaba ifike kituo cha 14. Gari linapiga honi kituo cha tano, na Simoni wa Kirene anaachwa na msalaba.

Mwenye shamba ana hiari hapo, hata kama inamgharimu. Kijana aliye juu ya mti hana. Hupanda alfajiri kwa sababu asipopanda hapati kitu, na yeye ndiye huambiwa kanisani kwamba vijana siku hizi hawasali. Nasema wazi: kumhimiza mtu kama huyo achague mambo ya rohoni, huku wewe ndiye umeshika ujira wake, ni dhuluma. Kila mwaka maaskofu wetu hutoa kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima ili jumuiya zikisome wiki kwa wiki, zitazame maisha, zipime, kisha zitende. Kutazama tunakuweza. Kupima tunakuweza mno. Tunaweza kupima hadi saa moja usiku. Kutenda kunabaki kwenye kijitabu.

Kwa hiyo hatua ya mwisho ni ya fedha na kalenda. Wewe uliyeacha kutafuna, bei ya kila kibunda ambacho hukununua iweke kando siku hiyohiyo, maana kufikia Jumapili itakuwa imepata kazi nyingine. Impe mtu anayeihitaji kabla ya Pasaka. Nawe mwenye shamba, mpigie mnunuzi simu wiki hii umwambie Ijumaa Kuu hakuna kuchuma. Kisha mwite kijana wako wa kazi, umpe siku hiyo aende kanisani au alale, achague mwenyewe, na umlipe ujira wake kamili.