Projekta Ikigoma Mkutanoni, Majengo

Projekta imegoma, mwenyekiti anakohoa, na ghafla ukumbi mzima umejaa mafundi. Mmoja anasema ni waya, mwingine virusi, wa tatu ameshapanda juu ya meza na viatu vyake. Wakalishe wote kwanza. Mama aliyefunga genge lake hapa Majengo, Moshi, kuja kusikiliza hesabu za VICOBA hakuja kutazama ukuta wa bluu, na kila dakika mnayoichezea inamkatia mauzo.

Huo ubluu wenyewe ni habari njema: taa inawaka, kilichokosekana ni picha. Bonyeza kitufe cha Source, pita HDMI, pita VGA, na usubiri sekunde kadhaa kila unapotua. Mafundi wa ghafla hubonyeza mbiombio mpaka wanairuka ile yenyewe. Bado? Kwenye laptopu ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Duplicate. Ukichagua Extend, wajumbe wataona mandhari tupu huku faili la mhazini limebaki kwako.

Picha ikiwa na unjano, rangi ya bluu haifiki. Chomoa kebo ya VGA uangalie meno yake. Nafasi ni 15. Jino la 9 halipo kwenye kebo nyingi, na hiyo si kasoro. Lililopinda ndilo la kushughulikia, kwa upole, si kwa kisu cha jikoni.

Projekta ikizimika yenyewe katikati ya taarifa, mara nyingi ni joto. Inyanyue utazame chini: mara nyingi utakuta kile kitambaa cha meza cha kufuma, kilichotandikwa kwa heshima zote, kimeziba matundu ya hewa. Kitoe, na aliyekitandika ashukuriwe. Kisha fungua chujio ulisafishe kwa brashi laini, maana vumbi la kiangazi Moshi halina simile.

Mkihamishia mkutano Marangu, jambo linabadilika. Pale langoni pa kupandia mlima ni zaidi ya mita 1,800, hewa ni nyepesi na haipoozi vizuri. Projekta nyingi zina mpangilio wa mwinuko, wa kutumia kuanzia kama mita 1,500, unaoongeza kasi ya feni. Moshi mjini hatufiki mita 1,000, kwa hiyo uzimeni, mtasikia kelele tu.

Dakika tano zikipita bila picha, gawa karatasi. Ndiyo, uzichape tangu jana. Hesabu za watu haziwekwi rehani kwa kebo moja.

Mkimaliza, zima kwa kitufe, acha feni inyamaze, ndipo uchomoe. Anayeitia mkobani ingali moto na kurukia bodaboda kwenye njia ya mashimo asiombe mchango wa taa mpya.