Ukuta Una Dhiraa Ngapi? Barua Kutoka Chicago

Mjomba wangu mpenzi,

Baridi ya mji huu, niliyokuandikia habari zake katika barua iliyopita kwa maneno ambayo mkaza mjomba aliyaona hayafai kusomwa barazani, sasa imepungua kiasi cha mtu kuweza kutoka nje na kurudi bila ya kuhesabu vidole vyake. Kwa hiyo nimepata wasaa wa kulitimiza lile agizo ulilonipa siku ile gatini Lamu, pale ambapo wengine wote walikuwa wakiniagiza saa na viatu, nawe ukanivuta kando, ukanishika bega kwa mkono wenye chokaa, ukaniambia nitakapofika niwatazame waashi wao, kisha nikuandikie ukuta wao una dhiraa ngapi.

Nililidhani ni agizo jepesi. Kwetu mtu akitaka kujua unene wa ukuta hufungua mlango, akalaza mkono kizingitini, akapata dhiraa moja na ushei, kazi ikawa imekwisha. Hapa nimezunguka siku tatu na utepe wa kupimia mfukoni, na mara mbili mabawabu wamenijia kwa adabu kubwa kuniuliza kama nimepotea, kwa sababu, nadhani, si jambo la kila siku kumwona mtu mzima aliyevaa kofia ya kiua akiwa amepiga magoti kwenye kona ya jengo la watu.

Huna budi ujue kwanza kwamba mji wenyewe umekaa mahali ambapo wewe usingekubali kujenga hata banda la mbuzi. Umekaa kando ya ziwa, juu ya udongo wa mfinyanzi uliolegea, na zamani maji machafu yalikuwa hayana pa kwenda. Basi katika miaka ya 1850, badala ya kuuhama mji kama ambavyo wenye akili wangefanya, wakaazimu kuunyanyua. Waliweka jeki za parafujo chini ya misingi, kwa mamia na kwa maelfu, wakazizungusha zote pamoja, na nyumba za matofali zikapanda na watu wakiwa ndani. Hoteli iliyoitwa Tremont, ya ghorofa 6, ilinyanyuliwa mwaka 1861 na wageni wake hawakuambiwa watoke. Na husimuliwa kwamba mgeni mmoja alikuwa akistaajabu kuona ngazi za mlangoni zinazidi wima kila siku, asijue kama mambo yale ni ya hoteli au ni ya umri wake.

Kisha, mwaka 1871, mji huo waliojitaabisha kuunyanyua ukaungua. Moto ulikula siku tatu za mwezi wa Oktoba, ukaua watu wapatao 300 na kuwaacha watu 100,000 bila ya makao, na lawama zote akatupiwa ng'ombe wa bibi mmoja, O'Leary, ambaye ati aliipiga teke taa zizini. Mwandishi wa habari mmoja alikuja kukiri baadaye kwamba kisa kile kilitungwa, walakini bibi yule alikwisha kufa na aibu yake kitambo pale baraza la mji lilipokutana, mwaka 1997, likampa buraa yeye na ng'ombe wake. Nakuomba habari hii umsomee yule jirani yetu ambaye hadi leo anadai fidia ya ukuta ulioangushwa na punda wako. Ajue kwamba haki ya mnyama yaweza kuchelewa miaka 126 na bado ikafika.

Sasa nije kwenye ukuta. Siku ya kwanza nilikwenda kuliona jengo liitwalo Monadnock, ambalo nusu yake ya kaskazini ilikamilika mwaka 1891. Lina ghorofa 16, na kuta zake za nje ni za matofali, zikibeba mzigo wao wenyewe kutoka juu hadi chini kama kuta zako. Halina nakshi hata chembe. Mwenye mali alikataa kila kilichochomoza nje kwa kuwa aliuhofia uchafu na njiwa, na msanifu wake, John Root, akaona heri kuufanya ukavu ule kuwa uzuri: ukuta unainuka kama kanzu iliyopigwa pasi, umetanuka kidogo miguuni na umejikunjua kidogo shingoni, basi. Nikapiga magoti, nikatoa utepe. Futi 6. Dhiraa 4 kamili, Mjomba! Mtu angeweza kulala ndani ya ukuta ule, akajinyoosha, akaota ndoto, na miguu yake isichomoze upande wa pili. Niliuwekea kiganja nikajua kwamba hapa wewe ungevua viatu. Uzito wake ni wa namna ambayo wajenzi walikadiria kuwa jengo lingezama inchi 8 katika ule udongo. Nalo likazama hizo inchi 8 kwa utiifu, halafu likaendelea.

Ningeikata safari hapo na kukuandikia jawabu, laiti nisingeizunguka ile nyumba. Nusu yake ya kusini ilijengwa miaka miwili tu baadaye, na ndani yake mna mifupa ya chuma inayobeba kila kitu, ilhali ukuta umetundikwa nje kama pazia. Ni nyumba moja yenye jina moja, lakini upande mmoja ukuta ni mtumishi aliyebeba gunia, na upande wa pili ni bwana arusi: amepambwa, amesimama, habebi chochote. Ilmu hiyo ilianzia katika mji huuhuu, katika jengo la ghorofa 10 la mwaka 1885 ambalo lilibomolewa mwaka 1931, na msanifu wake aliitwa William Le Baron Jenney. Wanasimulia kwamba alimwona mkewe ameweka kitabu kizito juu ya tundu la ndege na tundu lisipinde, naye akapata fikra. Mimi siiamini sana hekaya hii, kwa kuwa nimewaona watu wengi wakitazama matundu ya ndege bila ya kupata fikra yoyote, lakini kama ni sura ya kukufahamisha, inatosha: majumba ya hapa ni matundu ya chuma.

Nisikuchoshe na yote niliyoyaona. Jengo la Rookery, la mwaka 1888, lilirithi jina hilo kutokana na kunguru na njiwa waliokuwa wamelitawala jengo lililotangulia mahali pale. Niliingia katika ukumbi wake wenye paa la kioo na marumaru nyeupe, nikatazama huku na huku, nisione kunguru hata mmoja, na kwa mtu wa pwani hilo peke yake ni utalii. Mnara wa Tribune, wa mwaka 1925, umepachikwa kutani mawe yaliyoletwa na waandishi wa gazeti lenye jina hilo kutoka kila pembe ya dunia, likiwamo la Taj Mahal na la Piramidi kuu ya Misri, kila moja likiwa na jina lake chini kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Jiwe la kwetu sikuliona, wala sikulitafuta sana. Na iko minara miwili ya duara mtoni, Marina City, ya ghorofa 65, ambayo wenyeji huiita magunzi ya mahindi, na ndivyo ilivyo. Ghorofa 19 za chini wamezifanya maegesho ya magari, nayo yamepangwa mviringo na pua zikitazama mtoni, yakingoja, ungedhani, amri ya kujitosa.

Magunzi hayo niliyatazama kutoka kwenye mashua. Hapa huwapandisha watu chomboni, wakawapitisha polepole katikati ya mji huku mtu mmoja akitaja nani alijenga nini na mwaka gani. Tulipofika chini ya daraja nikainua uso kuhesabu ghorofa, na upepo wa mji huu, ambao wengine husema ndio uliosababisha uitwe Mji wa Upepo na wengine husema ni upepo wa maneno ya wanasiasa wake, ukapita. Sitasema zaidi kwa sasa.

Nilipanda jengo refu kuliko yote ya hapa siku ya tatu, nikiwa kichwa wazi. Lilipofikishwa kileleni mwaka 1973 liliitwa Sears, siku hizi laitwa Willis, na wenyeji wanaendelea kuliita Sears kama sisi tunavyoendelea kuyaita maduka kwa majina ya wenyewe waliokwisha kufa. Lina ghorofa 110, urefu wake pima 240 na ushei. Ukitaka kulifahamu, kumbuka fungu la boriti za mikoko linavyosimamishwa gatini, ncha hazilingani: ni mabomba tisa ya mraba yaliyofungwa pamoja, mawili yakiishia ghorofa ya 50, mengine yakipanda zaidi, na mawili tu yakifika juu kabisa, kila moja likimshika mwenzake asiyumbishwe na upepo. Mhandisi aliyelibuni ni Muislamu mwenzetu, Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka. Nawe kazi ya mtu huyu umeikalia chini, Mjomba. Yale mahema meupe ya uwanja wa ndege wa Jidda, ambayo uliporudi kutoka Hija ulitusimulia habari zake kwa wiki mbili, zaidi ya ulivyotusimulia Arafa, yeye ndiye aliyekuwa mhandisi wake. Na huko huko Jidda alifariki mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 52, akaletwa kuzikwa hapa Chicago.

Katika lifti nilianza Ayatul Kursiyyu, na sikuwahi kuirudia mara nyingi kabla ya mlango kufunguka ghorofa ya 103. Huko, tangu mwaka 2009, wametoa nje visanduku vya kioo, kuta kioo na sakafu kioo, mtu akasimama hewani na barabara iko chini ya nyayo zake. Mtoto wa miaka mitano hivi alikuwa akirukaruka mle ndani. Mimi niliingia kwa magoti, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuyazoea, na nilipofika katikati nikakumbuka agizo lako, nikatoa utepe kwa mkono unaotetemeka, nikamuuliza mlinzi. Akanijibu kwamba kioo kile ni tabaka tatu, kila tabaka nusu inchi.

Basi hili ndilo jawabu lako. Chini kabisa, mwaka 1891, ukuta ni dhiraa 4. Juu kabisa, ni inchi 1 na nusu, nami nilikuwa juu yake.

Limebaki moja, na hili naomba ulisome peke yako. Ile kofia ya kiua aliyonishonea mkaza mjomba kwa miezi minne iliangukia mtoni. Ungedhani imekwenda ziwani, palipo jirani, lakini watu hawa mwaka 1900 waliugeuza mto wao ukatiririka kinyume, kwa hiyo kofia ilielekea bara, na kwa hesabu yangu itapita Mississippi na kutokea Ghuba ya Meksiko. Mwambie mkaza mjomba kwamba wazungu wameipenda mno na mimi nahitaji nyingine. Kipimo cha kichwa ni kilekile.

Wasalaam,
Mpwa wako