Sifa za Nyoka Mlalaji

Viumbe wanaosifiwa kwa bidii ni wengi, nyuki na mchwa wakiwa mbele, lakini nyoka, ambaye kila aonekanapo hupokewa kwa fimbo, hajapata wa kumsifu kwa ustadi wake mkubwa, yaani kutofanya lolote kwa wakati ufaao. Kwa kuwa joto la mwili wake hutegemea jua na ardhi, nyoka wa nchi za baridi hulala bwete, hali ambayo mapigo ya moyo na upumuaji hupungua mno. Na kabla ya kulala huacha kula, maana chakula kisichosagwa kingemwozea tumboni.

Chuo kikuu cha uvivu huu kipo Narcisse, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, ambako makumi ya maelfu ya nyoka aina ya gata hujazana katika nyufa za miamba ya chokaa, chini ya kina ambacho udongo huganda, bila kudaiwa kodi wala kugombea blanketi. Mwishoni mwa Aprili madume hutangulia kutoka, na jike anapojitokeza humzonga kwa makumi hadi wakawa donge moja linaloviringika. Tena dume aliyetoka shimoni angali mzito kwa baridi hutoa harufu ya kike, akazongwa na madume wenzake, na wataalamu wamependekeza kwamba kwa hila hiyo hujipatia joto la bure.

Uvivu huu una madaraja. Pili wa Ulaya, anayefika hata kaskazini mwa Duara la Aktiki, huko hulala zaidi ya nusu mwaka, ilhali nyoka wa kusini mwa Florida hutembea mwaka mzima. Nyoka mdogo wa jamii ya pili anayeishi katika nyanda za juu za Aberdare na Mlima Kenya, ambako usiku huweza kuganda barafu, ameufupisha msimu wa baridi ukawa usiku mmoja: hujificha kwenye mashina ya nyasi, akatoka jua likiwaka.

Wapinzani watasema uvivu huua, na kweli mwaka 1999 hali mbaya ya hewa iliangamiza maelfu ya nyoka wa Narcisse kabla hawajafika mashimoni. Lakini hao walikufa kwa kuchelewa kulala, si kwa kulala. Nayo barabara kuu inayokatiza njia yao, ambako magari yalikuwa yakiwaponda kwa maelfu, imewekewa uzio na vivuko vya chini ya lami, na binadamu mchapakazi akawa ametoka jasho ili mvivu afike salama kitandani.