Jogoo Mmoja kwa Beti Mbili

Kwa Kiarabu, kalima ni neno. Sidai kwamba Waarabu waliofika Maniema kutafuta pembe ndio walioubatiza mji wetu wa Kalima. Nasema tu kwamba mtu anayekaa mahali penye jina kama hilo hakustahili kuaibishwa na neno la Kiingereza lenye herufi nne. Mimi liliniaibisha, na katika kesi hiyo yumo jogoo.

Chanzo ni sifa. Niliwahi kukaa Kampala mwaka mmoja na nusu nikiuza betri za simu, na tangu nirudi Kalima, kibanda changu cha kuchaji simu kimegeuka ubalozi wa Uingereza. Karatasi ya dawa ikiwa ya Kiingereza, inaletwa kwangu. Redio ikianza kusema Kiingereza, naitwa. Ninachokielewa ni kama robo; robo tatu naongeza mwenyewe, na hadi mwezi uliopita hakuna aliyewahi kukata rufaa.

Basi akaja kijana wa jirani anayechimba kasiteriti, ule mchanga mweusi wenye bati, matope yamemkaukia hadi magotini, jogoo mwekundu amembana kwapani.

“Yaya, iko binti moya kule Kindu. Anasoma Kingereza. Unitungie shairi ya Kingereza, nimutumie.”

“Shairi ya kusema nini?”

“Ya kusema yeye iko muzuri.”

“Muzuri tu?”

Akafikiri. “Muzuri sana.” Akamweka jogoo juu ya meza, katikati ya simu za watu.

Kwa Kiswahili ningemaliza kabla simu moja haijajaa moto. Nzuri inaishia na ri, na ri tumejaliwa: sukari, habari, safari, hodari, tayari; hata shairi lenyewe limebeba kina chake mkiani. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mji uliojaa Wamanyema, alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na mpaka leo washairi wa vina wanabishana wakiwa nacho mkononi. Kwetu kina ni silabi nzima: konsonanti na irabu yake. Sikio likiridhika, na jicho limeridhika, maana tunaandika tunavyosema.

Sasa Kiingereza. Lile neno refu la uzuri wa sura nilikuwa nalijua kwa kulisikia, lakini kuliandika ni vita: e, a na u zimefuatana kama walevi wanaotoka kilabuni. Nikachukua “good”. Muzuri ni muzuri, nikajiambia. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na wala si kubwa.

Nikatafuta maneno yanayoandikwa kwa mkia uleule. Yakaja yenyewe, kama kuku waliosikia mchele: food, mood, blood, flood, wood. Nikayasoma kwa sauti: gudi, fudi, mudi, bludi, fludi, wudi. Msomaji, ni vina au si vina? “Could” na “should” nilizikataa mlangoni kwa sababu ya ile l, imekaa katikati haisemi kitu, na mimi siamini herufi isiyojitambulisha. “Would” tu niliipokea, kwa kuwa inalia sawasawa na “wood”.

Ubeti wa kwanza ulisema binti ni mzuri kama chakula. Wa pili ulisema penzi liko katika damu kama mto Lualaba uliofurika, na kwamba kijana angependa kumletea kuni. Nikazinakili beti zote mbili kwa herufi safi, kijana akazipiga picha akazituma. Jogoo tulimla Jumapili, na wali.

Jibu lilikuja Jumanne, kwa sauti. Kwanza kicheko, kirefu, cha watu zaidi ya mmoja. Kisha binti akasoma kazi yangu polepole, kama mwalimu anayesahihisha: gud. Fuuud. Blad. Sauti tatu, wala hazijuani hata kwa salamu.

Hapa kwetu mnunuzi wa madini hupitisha sumaku juu ya ule mchanga mweusi. Chuma kinaruka kikaishika, kasiteriti inabaki chini. Binti alipitisha sumaku yake juu ya beti zangu. Food ikaruka, mood ikaruka, blood na flood zikaruka zimeshikana mikono. “Wood” na “would” nilizojivunia zikakatazwa kukaa pamoja: kumbe kwa Waingereza sauti ikifanana tangu mwanzo hadi mwisho, hujatoa kina, umerudia tu. Yaani kinachompa mshairi wa Kiswahili sifa, wao wanakiita uvivu. Maneno yaliyobaki kuwa vina halali vya “good” yalikuwa “wood” au “would”, moja tu kati yake, na zile “could” na “should” nilizozifukuza mwenyewe.

Nilimpigia mwalimu mmoja kulalamika. Akaniambia katika karne ya 14, zama za Chaucer, good, food na blood zilikuwa na irabu moja ndefu, o ya kuvuta. Baadaye matamshi yakahama kwa karne kadhaa: blood ikafupishwa mapema ikaangukia karibu na a yetu, good ikafupishwa ikiwa imechelewa, food ikaendelea kuvuta. Tahajia haikuhama. Hilo mtu wa Kalima hahitaji kufafanuliwa. Kampuni ya madini ya Symétain ilijenga nyumba hapa, kampuni ya Sominki ikaja mwaka 1976, nayo ikaondoka. Nyumba ziko palepale, ndani wanakaa wengine. Kwa hiyo shairi langu lilikuwa sahihi, ila limechelewa miaka mia sita.

Kijana hakuvutiwa na hoja hiyo. Mwisho wa ujumbe wa binti kulikuwa na sentensi moja ya Kiswahili, ameisikiliza mara nyingi hadi betri ikaisha, akaja kuchaji kwangu ili aisikilize tena: “Ambia ule mwandikaji wako, miye si bugali.”

Sasa anadai jogoo wake. Nimempa masharti: nimtungie upya, au nimchajie simu bure hadi Noeli. Amechagua yote mawili. Kwa hiyo, wewe unayesoma, kama unalo neno linalopatana na “good”, ambalo Waingereza wenyewe wanalikubali na ambalo halihusu kuni, lilete kibandani kabla ya Jumamosi. Simu yako nitaijaza bila malipo.